Pointi Arobaini za Mwalimu

Mwalimu alikuwa mtu wa machozi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo watu walilompendea. Refa wa Uhispania akiinyima timu yake penalti, machozi yalimtoka kweli kweli, yakashuka mpaka kwenye ndevu, na wazee wenzake pale majlisi, sebule yake ya wageni mjini Sib, Oman, wakatikisa vichwa na kusema huyu bwana ana moyo laini. Mimi nilikuwa nikisimama mlangoni na sinia la vikombe, nikimtazama akiwalilia vijana wa watu ambao hajapata kuwatia machoni, na nikipata kinyaa ambacho mpaka leo hakijanitoka.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala babu yake alikuwa nani. Hayo aliyasimulia mwenyewe kila Alhamisi, na kila Alhamisi mikarafuu ya babu kule visiwani iliongezeka. Nilifanya kazi nyumbani kwake miaka miwili na miezi minne, kupika na kusafisha, na ninachokijua mimi ni yale anayoyajua mtu wa jikoni. Alikuwa amestaafu kufundisha jiografia. Mtaa mzima walimwita Mwalimu, mkewe naye alimwita Mwalimu, na mimi nikafuata. Mkewe nilimwita Bibi.

Kwa nje alikuwa msafi kupita kiasi. Kanzu mbili kwa siku, tatu ikiwa kuna wageni, zote nyeupe, zote nimezipiga pasi mimi. Mafuta ya udi nyuma ya masikio. Lakini masikio yenyewe aliyachokonoa kwa ufunguo wa gari, kisha akaufuta ufunguo kwenye mto wa kochi. Kokwa za tende alizitema popote mkono ulipofika: kwenye kikombe cha mwenzake, kwenye chungu cha maua, katikati ya mito. Nikiinua mito kufagia nilizikuta, nyingine zimekauka, nyingine bado zina mate yake. Akiniona nimeinama alisema, "Mwanahamisi, nyumba hii bila weye ingekuwa zizi." Alidhani ananisifu.

Sasa hiyo timu. Ilikuwa timu ndogo ya mji mdogo wa Uhispania, na ule ulikuwa msimu wake wa kwanza kabisa katika ligi kuu. Wazee wengine pale majlisi walishabikia zile mbili kubwa ambazo hata mbuzi wa Sib anazijua. Mwalimu hakuweza kuvumilia kuwa mmoja kati ya wengi. Mkisema chai, yeye kahawa. Basi iliposikika kwamba kuna katimu kamepanda daraja, akafungua atlasi, akautafuta mji kwa kioo cha kukuzia, akatangaza kwamba hao ndio watu wake. Akaagiza jezi, akaandikisha MWALIMU mgongoni, akawa anaivaa juu ya kanzu.

Mimi pia nilifundishwa. Nakaanga samaki, naye kasimama mlangoni mwa jikoni ananielezea mji wenye mizeituni na kanisa moja, na uwanja wenye viti vichache kuliko watu wanaojazana soko la Sib siku ya kuamkia Idi. Majina ya wachezaji yaliwashinda, kwa hiyo wazee waliwabatiza upya. Kipa alikuwa Mnara. Beki wa kushoto alikuwa Bwana Harusi, kwa kuwa alichelewa kufika kila alipokuwa akingojwa.

"Hawa wanyonge, Mwanahamisi," aliniambia. "Wakubwa wana pesa, wana marefa, wana magazeti. Hawa wana miguu yao tu. Na mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni."

Methali hiyo aliisema mpaka ikanichosha masikio. Aliisema kwa refa, kwa mtangazaji, kwa mwenye duka aliyechelewa kuleta gesi. Aliisema akiwa ameinua kidole, na wazee wakaitikia naam, naam.

Nisimsingizie. Mwalimu hakuwahi kunikaripia. Hakuwahi kuninyanyulia mkono, wala macho yake hayakuwahi kwenda pasipostahili. Mshahara aliulipa siku yake. Chumba changu kilikuwa na dirisha na kiyoyozi, na nilikula walichokula wao, na Idi nilinunuliwa nguo. Rafiki zangu wa mtaa wa Wadi Kabir, Maskati, wanawake wenzangu kutoka Tanga na Mombasa, waliponisikia nikimlalamikia walinicheka. Walikuwa na mabosi wa kuwasimulia, si huyu wangu. Ndiyo maana kinyaa changu kilichelewa. Ukiwa na bosi mbaya unajua mapema. Huyu wangu nilimshukuru mwaka mzima na nusu kabla sijamjua.

Kuhusu jezi, lazima niseme. Wakati fulani timu ilikaa wiki sita bila kufungwa, na Mwalimu akapiga marufuku jezi kufuliwa. Lakini mtu nadhifu hawezi kuvaa nguo yenye makunyanzi, kwa hiyo kila wiki aliniletea niipige pasi vile vile ilivyo, na jasho lake. Jasho la mzee likipata moto wa pasi linanuka kama samli iliyochacha. Nilijifunga kanga puani. Yeye akija kuichukua aliinusa, akatabasamu, akasema, "Hii ndiyo harufu ya ushindi, binti." Nilikwenda kutapika.

Sasa nije kwenye udi, maana huko ndiko nilikonaswa. Kwa watu wa Oman udi una kazi mbili: unamnukisha mgeni, na unamwambia aende. Wana msemo wao, baada ya udi hakuna kukaa. Bibi alinifundisha hilo wiki ya kwanza. Tende na kahawa kwanza, kisha haluwa, kisha matunda, kahawa tena, na mwisho kabisa chetezo kinazungushwa, kila mtu anafukiza ndevu na kanzu yake, halafu anaaga. Ukivuruga mpango huo umewafukuza watu.

Mimi niliuvuruga mwezi wa kumi na moja. Timu ya Mwalimu ilicheza mapema, kama wadogo wanavyopangiwa, na huku kwetu ikawa saa kumi na moja jioni. Walikuwa nyuma mabao mawili. Nikiwa jikoni nikasikia filimbi, nikasikia wazee wanainuka na kuburuta viatu. Kumbe ni mapumziko, wanakwenda kuswali magharibi. Mimi nikajua mpira umekwisha. Nikawasha makaa, nikatia udi, nikaingia na chetezo kikifuka. Nikawakuta wote wamekwisha kurudi, wamekaa, wanangojea kipindi cha pili.

Mzee mmoja akaanza kutafuta bakora yake. Mwingine akamtazama Mwalimu kama anayeuliza kakosa nini. Mwalimu uso ulimwiva. Kisha, kwa kuiokoa aibu, akacheka kwa nguvu, akasema, "Kaeni, yakhe, kaeni! Huyu kaja kuifukiza timu. Haya, Mwanahamisi, ifukize na televisheni, labda nayo itanukia." Nikazungusha chetezo mbele ya kioo cha televisheni. Wakacheka wote. Kipindi cha pili katimu kale kakarudisha mabao yote mawili, na katika dakika za nyongeza kakafunga la tatu.

Tangu siku ile nikawa mtu wa timu. Kila mechi, mapumziko yakifika, naingia na chetezo kile kile, mguu wa kulia mbele, bila kusema neno, nazungusha mara tatu mbele ya televisheni na kutoka. Mara ya kwanza ilikuwa mzaha. Mara ya nne haikuwa mzaha tena. Wazee wenye wajukuu, wengine wamekaa ofisi kubwa za serikali, walinyamaza kama wako khutbani huku mimi nikifukiza kioo. Na huyo kiongozi wao ni mtu aliyefundisha watoto maisha yake yote kwamba mvua inaletwa na mawingu.

Mama yangu yuko Pangani. Mwezi wa kwanza mdogo wangu Zuhura alinipigia akaniambia mama ana presha ya macho. Daktari wa Tanga amesema kilichokwisha kupotea hakirudi, na kilichobaki kinakwenda.

"Anaona kama anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, dada. Ukimsimamia mbele anakuona pua tu."

Tukajaribu simu ya picha. Mama hakuniona, aliona mwanga. Basi akamnyang'anya Zuhura simu akasema, "Mwanangu, nataka niuone uso wako mara moja kabla hapajafungwa. Njoo."

Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi wa pili, na likizo na tiketi vilikuwa vimeandikwa humo. Sikuwa naomba kisicho changu. Nilimfuata Mwalimu baada ya chakula cha mchana, Bibi naye yupo, anakunja nguo.

"Mwalimu, mama anapofuka," nikamwambia. "Anataka kuniona. Naomba mkataba ukiisha tu niende."

Machozi yakamlengalenga pale pale. "Masikini, mama wa watu! Utakwenda, Mwanahamisi, wallahi utakwenda. Lakini nstahamilie kidogo. Sasa hivi tuna pointi ishirini na sita. Tukifika arobaini hatushuki daraja tena. Siku hiyo hiyo nnakukatia tiketi."

Nilidhani anatania, nikacheka. Yeye hakucheka.

Bibi akaacha nguo. "Mwalimu, mwache mtoto wa watu aende kwao. Udi hata mie ntaufukiza."

"Mkono wako si mkono wake," akasema, akafuta macho, akaenda kulala.

Mtu ataniuliza kwa nini sikwenda kushtaki. Pasi yangu ya kusafiria aliiweka yeye kabatini, isije ikapotea, na sheria haimruhusu, najua. Lakini fikiria ukifika mbele ya ofisa ukaambiwa eleza shida yako. Bosi anakulipa? Ananilipa. Anakupiga? Hanipigi. Sasa shida ni nini? Shida ni kwamba katimu ka Uhispania hakajafika pointi arobaini. Nilijipanga maneno hayo kichwani mara nyingi, na kila mara nilimsikia ofisa akicheka.

Nikaamua kutumia akili. Nikasema, wakishinda siku ambayo mimi sipo, mzee ataona upuuzi wake. Mechi iliyofuata ilikuwa dhidi ya timu iliyokuwa ikiburuza mkia, rahisi kabisa. Asubuhi nikajilaza, nikasema kichwa kinanipasuka. Bibi, ambaye alijua vizuri sana kwamba siumwi, akakubali kuingia na chetezo badala yangu. Nikalala chumbani namwomba Mungu hao vijana washinde. Walifungwa manne bila. Nilimsikia Mwalimu akipiga kelele sebuleni, "Si nliwaambia! Si nliwaambia!" Na kwa sauti yake nikajua nimejifunga kamba mwenyewe. Jioni aliniletea vidonge na maji ya ndimu, kwa huruma kubwa, akanisihi nisiumwe tena.

Basi nikawa shabiki. Sikuwa na njia nyingine. Nilijua msimamo wa ligi kuliko yeye. Nilijua nani ana kadi ngapi za njano, nani kaumia paja, mechi ipi ni ya nyumbani. Zuhura akinipigia, nilimuuliza hali ya mama, kisha nikasema, "Zimebaki pointi saba."

"Pointi za nini, dada? Mama hajui pointi."

Mwezi wa pili mkataba wangu uliisha. Mwezi wa tatu Zuhura alisema mama bado anauona wekundu wa kanga ikisogezwa karibu, na upande mmoja wa mlango. Mimi nikawa naota kona na mipira ya adhabu. Nikiwa nachambua mchele, midomo inataja majina ya watu wa Uhispania kama ninayevuta uradi.

Pointi ya arobaini ilipatikana mwezi wa nne, kwa bao la kichwa dakika ya mwisho. Nilikuwa mlangoni. Nilipiga ukelele, nikamkumbatia Bibi, tukarukaruka wote wawili kama wasichana, na majlisi nzima ikanipigia makofi. Hilo nalo nikilikumbuka linanichefua, na hapo aliyenichefua ni mimi mwenyewe. Nilishangilia kupewa kilicho changu.

Asubuhi nikamkumbusha tiketi. Alikuwa ameshika kijiko cha asali, anakilamba pande zote mbili kabla ya kukirudisha kwenye chupa.

"Mwanahamisi, skiza," akasema. "Nimepiga hesabu. Tukishinda tatu katika hizi tano zilobaki, tunakwenda Ulaya. Ulaya! Katimu kale! Sasa weye utaondoka vipi wakati huu?"

"Mwalimu, uliapa."

"Nliapa kuhusu kushuka daraja. Hatushuki. Hili jambo jingine."

"Mama yangu macho yanakwisha."

"Mama hachukuliwi na mtu, yupo pale pale. Wiki tano hizi, khalas. Nstahamilie."

Mechi iliyofuata, timu moja kubwa ikapewa penalti ya uongo dhidi ya wale vijana wake, naye akalia. Akainua kidole, akasema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na wazee wakaitikia naam. Mimi nimeshika sinia. Nilitaka kulitupa. Sikulitupa. Nilizunguka nikakusanya vikombe, na kila kikombe kilikuwa na kokwa za tende ndani.

Ulaya hawakwenda. Katika zile mechi tano walifungwa tatu. Siku ya mwisho Mwalimu aliniita akaniambia kwa upole, kama anayemrekebisha mwanafunzi mzuri aliyeteleza, kwamba makaa hayakukolea.

Niliondoka mwezi wa sita. Alinipeleka uwanja wa ndege mwenyewe, akanibebea begi, akanipa bakuli la haluwa na mfuko wa plastiki uliofungwa kwa riboni. Ndani mlikuwa na jezi. "Mpelekee mama," akasema, "mwambie na yeye kachangia." Alikuwa analia, bila shaka. Nilipopita ukaguzi nikaenda chooni, nikaitia jezi ndani ya pipa la taka, nikanawa mikono mara mbili. Haluwa niliifikisha. Haluwa haina kosa.

Mama alikuwa amekaa kizingitini, amevaa kanga mpya. Alisikia hatua zangu akainua uso, na macho yake yakaangalia pembeni kidogo ya sikio langu. Nikapiga magoti mbele yake. Akanishika mashavu, akapitisha vidole kwenye nyusi, puani, mdomoni, hakuacha mahali.

"Umenenepa," akasema. "Au ndiyo uso wako ulivyokuwa siku zote? Nimeanza kusahau."

Nilikaa naye miezi minane. Hakuniona hata siku moja.

Nilirudi Maskati kwa mwajiri mwingine, kampuni ya chakula ya mtaa wa Ghala inayopikia wafanyakazi wa viwandani. Kazi ngumu, masufuria makubwa, lakini jioni kazi imekwisha na pasi yangu iko mkobani mwangu. Bibi alikuwa akinipigia mara moja moja kunijulia hali. Mwalimu sikumwona miaka mitatu.

Alikuja mwaka jana, asubuhi, ninakatakata vitunguu. Mlinzi akaniambia kuna wageni wangu nje. Nikatoka na aproni yangu, macho yamevimba kwa vitunguu, nikamkuta amesimama katikati ya magereji na matairi mabovu, kanzu inametameta, Bibi yuko ndani ya gari, mlango wazi. Alikuwa amekonda. Mkononi alikuwa na karatasi iliyoandikwa majina, mengine yamewekewa alama ya vyema, kama mahudhurio ya darasani.

"Mwanahamisi!" akasema. Na alifurahi kweli kuniona, siwezi kumnyima hilo. "Nnakwenda Hija mwaka huu, inshallah. Nimekuja kutaka radhi zako. Lolote nlilokukosea, kwa kujua na kwa kutojua, nsamehe."

Huo ndio utaratibu. Mtu akienda Hija huzunguka kwa watu kutaka radhi, na aliyeombwa husema nimekusamehe dunia na akhera, nawe niombee. Maneno hayo yako tayari mdomoni mwa kila mtu. Alikwisha toa kalamu mfukoni.

"Lipi, Mwalimu?" nikamuuliza.

"Lolote."

"Lolote ni lipi?"

Akamtazama Bibi. Bibi akatazama miguu yake. "Labda siku moja nlikukaripia," akasema Mwalimu.

"Hukunikaripia."

"Chakula?"

"Nilikula nikashiba."

"Basi binti, nshaallah hakuna." Akasogeza kalamu kwenye karatasi. "Na mama hajambo?"

"Hajambo. Yuko gizani."

"Masikini!" Na machozi yale, yale yale, yakaanza kuja. "Lakini ulimwahi. Alhamdulillahi. Ulimwona mama yako."

"Mimi nilimwona. Yeye hakuniona."

"Kadari ya Mungu hiyo," akasema, akafuta jicho kwa ncha ya kilemba.

Nilikuwa nimejiandaa miaka mitatu kumwambia mambo mengi, na hakuna hata moja lililokuja. Lilikuja hili.

"Mwalimu, nitajie jina la ile timu."

"Timu ipi?"

"Ya Uhispania. Niliyokuwa nikiifukizia udi."

Akacheka. "Weye bado unayakumbuka mambo yale? Yakhe, wale si walishuka daraja mwaka wa pili yake. Nlishawaacha zamani. Siku hizi na wajukuu tunatazama ligi ya Uingereza."

"Najua walishuka. Wanaitwaje?"

Akasema ni wale wa kule kwenye mizeituni. Akasema jina liko hapa, ulimini. Akataja mji, ukawa mwingine. Akajaribu tena, akataja timu ya Italia. Jasho likaanza kumtoka chini ya kilemba. Mkono ukaenda mfukoni, ukatoka na simu.

"Bila kuangalizia, Mwalimu," nikamwambia.

Simu ikabaki hewani. "Jina tu?" akauliza. "Nikilitaja ndiyo umensamehe?"

"Ukilitaja tu. Hapa hapa, dunia na akhera."

Tulisimama juani. Fundi mmoja alikuwa akigonga rimu kwa nyundo, akasita kututazama, kisha akaendelea kugonga. Mwalimu alifumba macho. Aliniambia zamani kwamba mwanafunzi akikwama afumbe macho, jibu litakuja. Halikuja. Bibi akasema kutoka garini, pole pole, bila kuniangalia, "Twende, Mwalimu. Kasema kweli mtoto wa watu." Akaenda, ameshika karatasi yake, na jina langu halina alama.

Alikwenda Hija, akarudi, sasa anaitwa Haji. Hajaja tena Ghala. Wenzangu wa Wadi Kabir wanasema nina roho ngumu, mzee wa watu, pengine keshamaliza siku zake. Nami kuna siku nawaza huenda wana haki. Nilimsimulia mama kwenye simu, nikitaka aniambie nimefanya vizuri.

"Ungemsamehe tu, mwanangu," akasema mama.

"Nitamsamehe, mama. Akijua anachoombea radhi."

Nikasikia kuku wa kwetu, nikasikia Zuhura akitwanga. Kisha mama akauliza, "Kwani hiyo timu inaitwaje?"

Nikamtajia. Ni jina la kigeni, likampiga chenga mara ya kwanza, akaniomba nirudie. Nikarudia. Akalisema mwenyewe, kipande kwa kipande, akakosea, akaanza upya, mpaka akalipata lote. Halafu akalisema tena, asije akalisahau.